Barua kwa mwanangu: waranti, mizani na kahawa ya babu yako

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Sisi huku hatujambo, ila baba yako bado analalamikia goti lake.

Tangu siku ile ya Pasaka uliponiambia mezani kwamba mimi hupiga kura kwa shukrani wala si kwa akili, neno lako halijaniacha. Sikukujibu kwa sababu kulikuwa na wageni, na kwa sababu, nikisema kweli, sikuwa na jibu. Sasa ninalo nusu yake.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi mgambo walipofika kwetu Iringa mwaka 1974. Miezi michache kabla yake, Novemba 1973, Mwalimu Nyerere alikuwa ametangaza kwamba kuishi katika vijiji si hiari tena bali ni amri, na kwamba kazi hiyo iwe imekamilika kufikia mwisho wa 1976. Tulipewa siku tatu za kuhama. Babu yako wa Iringa alisitasita, na siku ya nne paa letu la nyasi likatiwa moto huku sisi tumesimama uani na magunia ya mahindi. Huko tulikopelekwa hapakuwa na nyumba hata moja, palikuwa na vigingi tu vya kuonyesha kiwanja cha kila kaya. Mianzi ya babu yako ilibaki kule kule, kwa hiyo kila msimu wa mvua, kwa miaka mingi, aliamka alfajiri akatembea saa mbili hadi mahameni kugema ulanzi, pombe ya mianzi: anakata ncha ya chipukizi, ananing'iniza mbeta ya kukingia utomvu, kisha anaketi pale pale palipokuwa na kizingiti chake. Sikumsikia hata siku moja akiitukana serikali, lakini pia sikumwona katika mkutano wa kijiji. Kwake serikali ilikuwa ni watu wanaokuja na kiberiti.

Bibi yako alihama siku hiyo hiyo, akabeba gunia kutoka uani humo humo, lakini yeye akatoka na siasa nyingine kabisa. Kijijini kulikuwa na darasa la kisomo, na akiwa na miaka thelathini na mitatu akajifunza kusoma na kuandika jioni baada ya kutoka shambani. Wakati huo alikuwa akiuza pareto, naye karani wa mizani aliandika alichotaka, kwa kuwa akina mama wengi hawakuijua tarakimu. Nilikuwa nimesimama nyuma yake siku alipoinama, akaitazama mizani kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Hapo ni kilo saba na nusu, nawe umeandika sita." Karani akafuta. Picha ya Mwalimu unayoiona ukutani kwa bibi, ile iliyokatwa kwenye kalenda, ilitundikwa mwaka huo. Huwa nashangaa nikisoma watu wanaoandika kuhusu wanavijiji wa ujamaa kana kwamba walikuwa na moyo mmoja, kwa maana kwetu walilala kitanda kimoja na hawakukubaliana mpaka mmoja wao alipozikwa.

Mimi nilifuata upande wa bibi yako, na sababu yake ni karatasi. Mwaka 1979 nilichaguliwa kuingia kidato cha kwanza katika shule ya bweni Tabora. Ada ya sekondari ilikuwa imefutwa tangu 1964, na hata nauli sikuitafuta: nilipewa waranti ya safari, nikapanda basi hadi Dodoma na kutoka hapo treni ya reli ya kati. Binti wa mtu aliyechomewa nyumba alisafirishwa na serikali ile ile iliyoichoma. Bwenini nililala kati ya msichana wa Mtwara na msichana wa Musoma. Ulipokuja uhaba wa baada ya vita vya Kagera, sabuni ikawa ya foleni, na mwaka 1983 mjomba wangu akakamatwa kwa uhujumu uchumi, mimi nilikuwa tayari nimeshaamua ninachokiamini, na habari ya mjomba niliipita kwa haraka. Hilo linanisikitisha mpaka leo.

Baadaye nikaolewa Marangu. Babu yako wa Marangu alikuwa mwanachama wa KNCU, chama cha ushirika ambacho Wachagga walikuwa wamekijenga tangu 1933, na ambacho serikali ilikivunja mwaka 1976 pamoja na vyama vikuu vingine vya ushirika. Haukupita muda bei ya kahawa duniani ikapanda kupita kiasi, kwa sababu baridi kali ya 1975 ilikuwa imeunguza mibuni ya Brazil, lakini sehemu kubwa ya faida hiyo iliishia njiani kabla ya kumfikia mkulima. Jioni moja tulipokuwa tukianika buni, nilimsimulia habari za waranti yangu kwa fahari. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hiyo nauli yako unadhani ilitoka mfukoni mwa nani?"

Nilichukia. Hata mwaka 1995, tulipopiga kura ya vyama vingi kwa mara ya kwanza, mimi na baba yako tulitoka nyumba moja tukaweka alama kwa watu wawili tofauti: yeye kwa Mrema wa upinzani, kama watu wengi wa kwao, na mimi kwa Mkapa wa CCM, chama kilichokuwa kikitawala. Na kwa kuwa uchaguzi wa Dar es Salaam, tulikopigia kura, ulivurugika ukarudiwa Novemba, tulikwenda kubishana kimya kimya kwenye foleni mara mbili.

Leo nakubali kwamba babu yako wa Marangu alikuwa na haki. Shukrani yangu haikuwa ya uongo, ila niliipeleka kwa aliyenikabidhi karatasi nikamsahau aliyeilipia. Lakini sikubali kwamba wewe umeufikia msimamo wako kwa akili tupu. Ulihitimu, ukatuma barua za maombi ya kazi miaka mitatu, ukafanya kazi ya kujitolea mahali ambapo hukulipwa hata nauli ya daladala, na kila uliporudi jioni nilikuona ukivua viatu mlangoni bila kusema neno. Mimi nisingetarajia mtu atoke hapo akiwa na imani yangu. Nakuuliza tu kile nilichoulizwa kwenye mkeka wa buni: katika hayo unayoyadai, nani atakayelipa, na umewahi kuketi naye?

Desemba njoo twende Iringa. Bibi anataka umsomee magazeti kwa kuwa macho yamepungua, nawe usimguse kuhusu ile picha. Mahameni njia imeota vichaka, lakini mianzi ipo, na mvua zikiwahi tutakuta inagemwa.

Mama yako