Barua ya wazi kwa kina mama wa mazoezi ya asubuhi: pungueni, lakini mfupa ubaki

Wadogo zangu na wanangu ambao hedhi imeshakoma,

Marahaba. Gauni zimeanza kuwapwaya, hongereni. Ugomvi wangu ni na sahani zenu: asubuhi maji ya ndimu, mchana kachumbari na kipande cha tikiti, jioni chai ya rangi. Mizani inashuka kweli, ila haisemi kilichoondoka ni mafuta, msuli au mfupa.

Mfupa si jiwe. Kila siku unabomolewa na kujengwa upya, na homoni ya estrojeni ndiyo iliyokuwa ikiwashika mkono wabomoaji. Hedhi ikikoma, homoni hiyo hushuka, ubomoaji ukauzidi ujenzi. Njaa ikiongezwa hapo, hasara ni mara mbili: mtu akipunguza asilimia 10 ya uzito, nyonga hupoteza kama asilimia 1 hadi 2 ya mfupa wake. Na nyonga ndiyo huvunjika ukiteleza bafuni.

Mnahesabu kalsiamu, mnasahau kwamba karibu theluthi ya uzito wa mfupa ni protini. Hiyo ndiyo nondo, kalsiamu ni zege. Yale maneno ya zamani kwamba protini ya nyama huivuta kalsiamu mfupani na kuimwaga kwenye mkojo yasiwatishe. Kalsiamu huongezeka mkojoni, ndiyo, lakini sehemu kubwa ni kwa sababu utumbo umefyonza zaidi. Sharti ni moja: hiyo kalsiamu uwe umeila.

Lengeni gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mwenye kilo 70 anahitaji gramu 70 hadi 84. Mayai mawili ya kuchemsha na kikombe cha maziwa asubuhi, 20. Mchana samaki wa gramu 100 na nusu kikombe cha maharage, 31. Jioni dagaa wakavu gramu 30 na kikombe cha mtindi, 26. Konzi ya karanga katikati, 7. Msizirundike zote kwenye mlo mmoja, msuli huzitumia vizuri zikigawanywa. Kinachopunguzwa ni mafuta ya kukaangia, sukari, maandazi na ukubwa wa bonge la ugali.

Dagaa mnapowachambua, toeni matumbo kwa ajili ya uchungu, ila uti wa mgongo uacheni, kalsiamu iko humo. Kwa siku mnahitaji miligramu 1,200, na kikombe cha maziwa kina kama 300, hata yaliyotolewa mafuta. Mchicha una kalsiamu lakini oksaleti yake, kemikali ya asili iliyomo kwenye majani, huifunga isifyonzwe. Sukuma wiki ni bora zaidi. Supu ya mifupa, samahani, ina kalsiamu kidogo mno.

Protini bila mzigo haitoshi. Kutembea ni kuzuri, lakini ongezeni siku mbili au tatu za kubeba uzito: kuinuka kitini bila kushika, mara 10, raundi tatu, kisha vivyo hivyo mkiwa na chupa ya maji ya lita moja na nusu kila mkono. Msishuke zaidi ya nusu kilo kwa wiki.

Mwenye ugonjwa wa figo asifuate hesabu hii kabla ya kuongea na daktari wake. Na aliyewahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka kidogo tu aombe kipimo cha msongamano wa mifupa kabla hajaanza kujinyima.

Shangazi yenu