Barua kwa Mwanangu Aliyeomba Saa na Redio za Babu

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Nimepata ombi lako la kuchukua saa ya ukutani na redio mbili za valvu, zile taa za kioo za zamani, za marehemu babu yako ili uzifanyie muziki huko Nairobi, nami nimeridhia, ijapokuwa nyanyako angali anashikilia kwamba vitu hivyo vina wenyewe.

Simlaumu. Saa ile hugonga tisa ilhali mishale inaonyesha tatu, kwa sababu mapigo yake huhesabiwa na gurudumu lenye mapengo ambalo hufuata zamu yake bila kujali mishale imefika wapi. Tafadhali usiirekebishe.

Utamu hasa umo kwenye redio. Ukiiweka moja kwenye kilohezi 600 (kilohezi ni kipimo cha mawimbi ya redio), ndani yake huzaliwa mawimbi yaliyo juu zaidi, kwa kawaida kwa kilohezi 455, na baadhi huvuja nje. Iweke ya pili ubavuni mwake, ishike stesheni hafifu iliyo jirani na 1055, yaani 600 na 455, na mawimbi hayo yakikutana na ya stesheni utasikia mluzi unaopanda na kushuka kadiri unavyokizungusha kitufe cha ile ya kwanza. Mkono ukitulia, mluzi huo utajibizana na udi vizuri sana. John Cage wa Marekani alitunga kazi ya redio 12 mwaka 1951, kila moja ikishikwa na watu wawili, lakini kwa sikio langu la taarabu naona aliiachia bahati mno.

Ukipata saa ya pili ya pendulamu, zitundike zote mbili kwenye boriti moja. Huygens wa Uholanzi aligundua mwaka 1665 kwamba saa za namna hiyo hupatana zenyewe, moja ikienda kulia nyengine kushoto, kwa mtikisiko mdogo unaopita kwenye mti. Hapo hata fundi kama mimi humwelewa nyanyako.

Jambo moja silifanyii mzaha: usitie mkono ndani ya redio hata ikiwa imeshachomolewa, kwani kapasita, vile vifaa vya kuhifadhi umeme, huweza kubaki na umeme wa kuua. Kapasita za karatasi zimechoka, na nitazibadilisha mwenyewe hapa Mji wa Kale kabla ya kukutumia.

Saa ataileta mjombako kwa gari moshi. Nimemwambia aing'oe pendulamu na kuifunga kando, la sivyo itagonga njia nzima, na abiria wenzake hawajaombwa radhi.

Wasalaam,
Babako