Kuwa karibu na wezi si ushahidi wa kushiriki wizi

Mhariri,

Tahariri yenu kuhusu uvunjaji wa nyumba ilidai kwamba mtu yeyote anayehusishwa na genge la wavunjaji, awe ni dereva, mwenye gari, aliyesimama mlangoni kuangalia au aliyehifadhi mzigo, ahesabiwe sawasawa na yule aliyevunja mlango, na kwamba mahakama ziache kupoteza muda kupima nani alifanya nini. Hasira iliyo nyuma ya hoja hiyo naielewa, kwa kuwa nimewasikia wahasiriwa wakieleza kizimbani namna walivyoshindwa kulala katika nyumba zao wenyewe miezi mingi baada ya tukio. Hata hivyo, mimi ni wakili wa utetezi katika kesi za jinai, na naona kuwa nusu ya kwanza ya madai yenu tayari ni sheria katika nchi nyingi. Hilo ndilo linaloifanya nusu ya pili kuwa ya hatari.

Chini ya Kanuni za Adhabu za Kenya na Tanzania, anayemsaidia, kumwezesha, kumshauri au kumshawishi mwingine kutenda kosa huhesabiwa kuwa ametenda kosa hilo yeye mwenyewe, na anaweza kushtakiwa hivyo. Uingereza imekuwa na kanuni ya namna hiyo katika sheria yake ya mwaka 1861 kuhusu wasaidizi wa wahalifu, na sheria za shirikisho za Marekani zinasema vivyo hivyo. Ujerumani imechagua njia nyingine, kwani huko adhabu ya msaidizi ni lazima ipunguzwe ikilinganishwa na ya mtendaji mkuu. Katika nchi zinazofuata mkondo wa Uingereza, basi, hutokea jambo ambalo humduwaza kila mshtakiwa anayesomewa mashtaka kwa mara ya kwanza: hati inasema kwamba yeye, pamoja na wenzake, alivunja nyumba ya fulani usiku na kuiba vitu fulani, ilhali hata polisi hawadai kwamba aliwahi kukanyaga ua wa nyumba hiyo. Wengi hujibu papo hapo, kwa nia njema kabisa, "Mimi sikuingia ndani, nilikuwa kwenye gari tu." Wanadhani wamejitetea, kumbe wamekwisha kukubali kwamba walikuwepo, na swali pekee lililobaki ni kama walijua.

Na kujua ndiko kesi nzima iliko. Upande wa mashtaka unapaswa kuthibitisha, pasipo kuacha shaka ya maana, kwamba mshtakiwa alitoa msaada au kitia-moyo, kwamba alifahamu jambo linalokwenda kutendwa, na kwamba alikusudia kulisaidia. Kesi ya Bainbridge, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1959, inafaa kusomwa na kila anayeandika juu ya mambo haya. Mtu huyo alinunua mitungi na vifaa vya kukatia chuma kwa moto, na wiki kadhaa baadaye vifaa hivyo vikakutwa vimeachwa katika benki iliyovunjwa jijini London. Alikiri kwamba alishuku vingetumika kwa jambo lisilo halali, lakini akasema hakujua kuwa ni kuvunja benki. Mahakama ilisema kwamba kushuku uharamu wa jumla hakutoshi, kwani lazima mtu awe alijua aina ya kosa lililokusudiwa. Lakini ilisema pia kwamba si lazima ajue ni benki ipi wala ni siku gani. Hukumu dhidi yake ikabaki palepale. Mwamuzi mwingine angeweza kuuona ushahidi ule kwa jicho tofauti, ila mpaka uliochorwa pale ni wa maana: hauwaachii wanaojifumba macho kwa makusudi, wala hauwanasi waliopitiwa na jambo wasilolijua.

Kuwepo tu hakutoshi pia. Tangu kesi ya Coney ya mwaka 1882, iliyowahusu watu waliokutwa wakitazama pambano haramu la ngumi, majaji wa Uingereza wamekubali kwamba mtu kusimama mahali kosa linapotendeka hakumfanyi kuwa msaidizi, ingawa kunaweza kuwa sehemu ya ushahidi kwamba alisaidia. Methali ya samaki mmoja akioza wote wameoza, ambayo tahariri yenu iliitumia, inafaa sana katika malezi ya vijana. Mahakamani haina kazi.

Tahariri pia haikugusa kabisa suala la aliyejitoa, ambalo kwangu ni miongoni mwa magumu zaidi katika eneo hili la sheria. Mwaka 1975 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilisikiliza kesi ya Becerra. Yeye na wenzake waliingia katika nyumba kuiba, naye akampa mwenzake kisu kwa ajili ya yeyote atakayewakatiza. Mpangaji wa ghorofa ya juu aliposhuka, Becerra aliwaambia wenzake waondoke, akaruka dirishani na kukimbia, na yule mwenye kisu akamuua mpangaji. Mahakama ilikataa kwamba kukimbia kule kulitosha kumtoa katika mpango, kwa kuwa katika hatua ile, baada ya kisu kutolewa, kilihitajika kitendo kizito zaidi cha kuzuia alichokuwa amekianzisha. Linganisheni na kesi ya Whitefield, iliyoripotiwa mwaka 1984: mtu alimdokeza mwenzake kwamba makazi ya jirani yake hayana mtu, wakakubaliana kuyavunja, kisha akabadili nia na kumwambia waziwazi kwamba hatashiriki. Mwenzake aliendelea na mpango, na Whitefield alisikia uvunjaji ukifanyika asichukue hatua yoyote. Hukumu dhidi yake ilifutwa, kwa sababu alijitoa mapema na akamjulisha mwenzake bila utata. Kwa mtazamo wa maadili, aliyekaa kimya akisikia jirani yake akiibiwa hanipendezi hata kidogo. Lakini kesi ya jinai haipimi kama mtu anapendeza, na anayetaka watu wote wawekwe katika kapu moja inabidi aeleze kwa nini aliyejitoa kabla ya tukio apate adhabu ileile ya aliyeingia ndani.

Tofauti hizi huzidi kuwa za lazima pale wizi unapogeuka kuwa jambo jingine usiku huohuo. Wavunjaji wanaodhani nyumba ni tupu hukutana na mwenye nyumba, na ghafla mashtaka si ya uvunjaji tena bali ni ya unyang'anyi wa kutumia nguvu au mauaji. Huko Florida, Marekani, mwaka 2003 kijana wa miaka 20 alimwazimisha gari lake mtu aliyekuwa akiishi naye, kisha yeye mwenyewe akabaki nyumbani amelala. Gari lilitumika kwenda kuiba kasha la fedha katika nyumba moja, na msichana wa miaka 18 akauawa humo. Kijana huyo mwenye gari alishtakiwa kwa mauaji kana kwamba alikuwepo, kwa msingi wa kanuni inayohesabu kifo kinachotokea wakati wa uhalifu mzito kuwa mauaji ya kila mshiriki wa uhalifu huo. Alikataa makubaliano ya kukiri ambayo yangemfunga miaka 10, akahukumiwa kifungo cha maisha bila uwezekano wa kuachiliwa kwa msamaha wa bodi. Mwaka 2015 gavana wa jimbo alikipunguza kifungo hicho kuwa miaka 25. Kilichomponza zaidi, pamoja na gari lenyewe, ni maelezo aliyowapa polisi kwamba aliwasikia wenzake wakiuzungumzia mpango huo, akadhani ni mzaha.

Uingereza nayo ilipita katika njia hiyo kwa takriban miaka 30. Tangu mwaka 1984 mshiriki wa kosa dogo aliweza kutiwa hatiani kwa mauaji kwa sababu tu alitabiri kwamba mwenzake angeweza kuua, hata kama yeye hakukusudia hivyo. Mwezi Februari 2016 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Jogee, ilitamka kwamba sheria ilikuwa imepotoka: kutabiri ni ushahidi unaoweza kuonyesha kusudio, lakini si mbadala wa kusudio lenyewe. Watu waliofungwa katika miaka hiyo hawakurudishiwa uhuru moja kwa moja, maana kila mmoja alipaswa kuomba ruhusa ya kukata rufaa nje ya muda na kuonyesha kwamba alitendewa dhuluma kubwa. Hayo ndiyo huja pale mahakama inapoacha kupima kilichokuwa katika akili ya kila mshtakiwa, na kazi ya kukirekebisha huwaangukia waliofungwa.

Sasa, kujua kwa mtu kunathibitishwaje, ilhali hakuna anayeweza kufungua kichwa chake? Mara chache hupatikana ujumbe wa simu unaosema wazi. Mara nyingi kesi hujengwa kwa ushahidi wa mazingira: simu ziliwasiliana mara ngapi kabla na baada ya tukio, gari lilionekana wapi, mali iliyoibwa ilikutwa kwa nani na baada ya muda gani. Vipande hivi vina nguvu vikishikamana, lakini kimoja kimoja husema kidogo kuliko inavyodhaniwa. Kumbukumbu za minara ya mawasiliano huonyesha eneo ilipokuwa simu, wala hazisemi ilikuwa mkononi mwa nani au mazungumzo yalihusu nini. Mtu aliyekutwa na televisheni iliyoibwa juzi anaweza kuwa mvunjaji, mpokeaji wa mali ya wizi, au mnunuzi aliyedanganywa, na hayo matatu hayana adhabu moja.

Chanzo ninachokihofia zaidi ni mdomo wa mshtakiwa mwenza. Yule aliyekamatwa na nyundo mkononi hana njia ya kukana, hivyo kitu pekee alichobakiwa nacho cha kuuza ni majina. Akikubaliana na upande wa mashtaka kukiri kosa na kutoa ushahidi, atapunguziwa adhabu, na kadiri anavyomkuza mwenzake ndivyo yeye anavyozidi kuonekana mdogo. Huenda anasema kweli. Wahalifu huwafahamu wahalifu wenzao kuliko mtu mwingine yeyote. Lakini kwa muda mrefu mahakama zimejionya juu ya ushahidi wa mshiriki, zikitafuta ushahidi huru wa kuuunga mkono, na tahadhari hiyo haikutokana na huruma kwa wezi. Ilitokana na uzoefu wa kuona watu wakitajwa kwa sababu ya deni, ugomvi wa mapenzi, au kwa sababu tu walikuwa karibu na rahisi kutajwa.

Ndiyo maana mtu anayeshukiwa kwa namna hii hapaswi kuanza kueleza kisa chake polisi kabla ya kuonana na wakili, hata kama anaamini ukweli utamtoa. Haki ya mtu kutolazimishwa kutoa ushahidi dhidi yake mwenyewe imo katika Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, na anayeitumia haonyeshi kwamba ana hatia. Wakili huyo awe wake peke yake. Familia mara nyingi huchanga fedha kumlipa wakili mmoja wa washtakiwa wote, na mambo huenda vizuri hadi siku ambapo utetezi bora wa mmoja unakuwa ni kumshutumu mwingine. Asifute ujumbe wowote katika simu, asimtafute shahidi wala mshtakiwa mwenza "kuweka mambo sawa", kwani vitendo hivyo vinaweza kumzalia mashtaka mapya yaliyo rahisi kuthibitishwa kuliko yale ya awali.

Kuhusu gazeti lenu, nina ombi lililo ndani ya uwezo wenu. Mnapoandika juu ya watu waliofikishwa mahakamani kwa uvunjaji, mtenganishe kinachodaiwa dhidi ya kila mmoja, msiandike "genge" kabla mahakama haijaliona genge, na msichapishe picha ya anayesubiri gwaride la utambulisho, maana shahidi akimwona gazetini kwanza, gwaride hilo linakuwa halina thamani kwa upande wowote, ukiwamo wa aliyeibiwa. Kisha mfuatilie kesi hadi mwisho. Habari ya kukamatwa huwekwa ukurasa wa mbele. Ya kuonekana hana kesi ya kujibu, ikichapishwa, basi ipewe angalau jina lilelile na tahajia ileile, ili mwajiri anayemtafuta mtu huyo miaka mitano baadaye azikute habari zote mbili.

Wakili wa utetezi,
jina limehifadhiwa kwa kuwa nina kesi ya aina hii inayoendelea mahakamani