Kwako dada uliyenipa ile riwaya

Sijui jina lako, nawe hukuniuliza langu. Ulinikuta kwenye benchi la hospitali, macho mekundu kwa kukesha na mgonjwa, ukanipa riwaya yako ukisema, “Inaishia humu humu, haina sehemu ya pili.” Asante sana, dada yangu.

Nimeimaliza kwa siku tatu. Kilichonishika si vyombo vya angani, ingawa vimeelezwa vizuri. Ni zile kurasa ambapo wanaanga na viumbe wageni wanatafuta namna ya kuelewana, wakianza na hesabu, kwa sababu moja na moja ni mbili popote ulimwenguni. Nikakumbuka ujumbe wa redio uliorushwa kutoka Arecibo, kwenye darubini kubwa ya redio kule Puerto Rico, mwaka 1974 kuelekea kundi la nyota la M13. Nao ulianza na namba, 1 hadi 10, na safari yake ni ya takribani miaka 25,000. Walioutuma walijua hawatasikia jibu, wakautuma hivyo hivyo!

Pale mgeni anapomsubiri binadamu kwa subira mpaka aielewe hesabu yake, nililia.

Mgonjwa wangu amepata nafuu. Sasa anaisoma yeye.