Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Wauguzi Wapya na Altrasaundi ya Mapafu

Ndugu wanachama,

Habari za ada na matumizi mtazipata kwa mweka hazina. Mimi naomba nizungumzie kazi iliyotushughulisha kuliko zote mwaka huu: kuwafundisha wauguzi wapya kupima mapafu kwa altrasaundi, yaani mashine ya kuchora picha za ndani ya mwili kwa mawimbi ya sauti.

Tumeulizwa, hata na wenzetu, kwa nini kazi hii asiachiwe daktari. Saa nane za usiku mgonjwa anapobanwa pumzi, aliye kando ya kitanda ni muuguzi. Altrasaundi humfuata mgonjwa alipolala, na haina mionzi. Tangu 2008 daktari Mfaransa Daniel Lichtenstein, kwa utaratibu wake uitwao BLUE, ameonyesha kwamba chanzo cha mtu kushindwa kupumua chaweza kutambuliwa papo hapo kitandani.

Tulianza na mbavu mbili zionekanazo kwenye picha. Kati yake kuna mstari mweupe wa utando wa pafu. Mwanafunzi autazame kama unateleza mgonjwa avutapo pumzi; usipoteleza, huenda hewa imevuja kifuani. Mistari iitwayo ya A hulala, nayo ni dalili ya hewa. Iitwayo ya B hushuka wima kama mwanga wa tochi. Ikifika mitatu au zaidi kwenye nafasi moja ya mbavu, shuku majimaji mapafuni, ingawa nimonia nayo huileta. Haya waliyashika upesi kuliko nilivyotarajia.

Ugumu ulikuwa kwenye kutafsiri. Muuguzi mmoja aliona pafu la kushoto halitelezi, akaripoti kwamba hewa imevuja kifuani. Kumbe mrija wa kupumulia ulizama mno ukaingia upande wa kulia, na pafu la kushoto halikupata hewa. Mkufunzi alikuwepo, mrija ukavutwa nyuma kidogo, mgonjwa akanusurika kutobolewa kifua bure. Binti yule simlaumu hata kidogo, kwani alichokiona alikiona sawasawa. Lakini usiku ule sikupata usingizi, nikiwaza zamu ambazo mkufunzi hayupo.

Kwa hiyo kamati haiombi tena mashine ya pili ya altrasaundi, kama ilivyokusudia. Tunaomba mkutano uidhinishe fedha za mashine hiyo ziwalipe wakufunzi wa zamu za usiku, ili picha ya muuguzi mpya ipitiwe na mwenye uzoefu kabla mgonjwa hajaguswa.

Na hiyo mashine moja tuliyonayo, nawasihi, ifutwe kwa dawa kila baada ya mgonjwa. Mara mbili nimeikuta jeli imeikaukia.