Kitambulisho cha shingoni kiandikwe mtu anauza nini

Ndugu mhariri, salaam. Naomba nafasi kidogo niongee na wale wanaoandaa makongamano ya wanawake wenye biashara ndogo huku kwetu kusini, maana juzi nimetoka kwenye moja pale Mtwara mjini na kuna jambo limenikaa rohoni.

Mi nabangua korosho Tandahimba, mimi na wenzangu wanne, tunabangua tunakaanga tunafungasha tunauza. Kiingilio nililipa mwenyewe, nyumbani nikatoka saa kumi usiku kwa sababu ile barabara ya kuja mpaka Mnivata siku ya mvua mnaijua, ukichelewa kidogo ushakwama nyuma ya lori. Nikafika, nikapewa chai na kitambulisho cha kuvaa shingoni kimeandikwa MSHIRIKI. Basi. Hakuna jina, hakuna bidhaa, hakuna unakotoka. Ukumbi mzima wanawake tumevaa neno hilohilo moja.

Kuanzia saa tatu mpaka saa nane ni hotuba tu. Sisemi zote zilikuwa mbaya, yule afisa aliyeeleza mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo wanawake tuna 4, vijana 4 na wenye ulemavu 2, alieleza vizuri sana. Ila hayo wengi wetu tunayajua, toka mikopo iliposimamishwa 2023 mpaka iliporudi 2024 tulikuwa tunafuatilia kila siku. Tusichokijua ni kikundi kilichopata kiliandikaje andiko lake mpaka likapita, na kikundi cha hivyo kilikuwa humohumo ukumbini, safu ya nyuma yangu, nimekuja kujua tukiwa foleni ya chakula!

Hapo kwenye foleni ndo nikageuza kile kitambulisho, nikaomba kalamu, nikaandika nyuma KOROSHO ZA KUKAANGA, TANDAHIMBA. Mhariri, hata wali sijapakua, mama mmoja wa Lindi akanishika mkono, "Dada, we ndo wa korosho? Unafungashia nini?" Akatoa kwenye mkoba pakiti yake ya kochoko, yale mabibo ya kukausha, sie wengi tunayaacha yaoze chini ya mikorosho au yaishie kwenye pombe ya uraka, mwenzetu anayakausha anayatia kwenye mfuko mzito wa zipu unaong'aa ndani kama fedha. Mi natumia nailoni nyepesi, mdomo nachoma kwa mshumaa, wiki mbili tatu korosho ishalainika dukani. Mwaka jana nimerudishiwa mzigo mara tatu na muda wote nilidhani kosa langu ni kukaanga, nikawa naongeza moto mpaka zingine zinaungua. Kumbe nailoni ile inapitisha unyevu. Yule mama akachukua kochoko moja akaivunja karibu na sikio langu nisikie inavyolia, akasema hii ina miezi minne.

Tulipoulizana tukagundua wote mifuko tunaagiza Dar, kila mtu kimzigo chake kwa basi, nauli ya mzigo kila mtu na yake, na muuzaji bei anashusha ukichukua nyingi. Dada wa ufuta kutoka Ruangwa akasikia akaingia, tukakubaliana tuagize pamoja. Na alama ya ubora ya TBS, wale wa shirika la viwango, niliyokuwa naiogopa miaka yote, huyohuyo mama kanielekeza, alianzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakampa barua ya utambulisho akaenda nayo. Yote haya ni dakika ishirini hivi, halafu MC akatuita tukapige picha ya pamoja na mgeni rasmi.

Sasa ombi langu kwa waandaaji. Kile kitambulisho kiandikwe jina, mtu anauza nini, na anatafuta nini. Hotuba ziishe saa tano, baada ya hapo wekeni meza tukae kwa bidhaa, wa korosho, wa chumvi na mwani wa Kilwa, wa ufuta, wa mikeka, halafu tubadilishane meza. Msituitie mwezi wa kumi na wa kumi na moja, huo ndo msimu, mwanamke wa huku yuko shamba anaokota korosho tangu alfajiri, hawezi kuja hata mkimlipia. Na tafadhali tumalize mapema. Sie wa Newala na Tandahimba kongamano likiisha jua linazama inabidi tutafute gesti, na hela ya gesti ndo hiyohiyo ya mifuko.

Mzigo wetu wa kwanza wa pamoja unaingia Ijumaa. Kitambulisho changu nimekitunza, nyuma pana namba saba za simu, tatu nimeshaongea nazo, nne sijui ni za nani kwa sababu tulikimbizwa kwenye picha kabla sijaandika majina.

Mbangua korosho,
Tandahimba