Safari ya Troyes: thibitisheni kabla ya Jumatano

Habari za jioni wapendwa. Vyumba tumepata! Ni nyumba ya wageni ya zamani, ya mbao na udongo, katikati ya mji wa Troyes, Ufaransa, upande ule uliojengwa upya baada ya moto wa 1524. Sakafu imelala upande: ukiweka chungwa linabingirika lenyewe hadi mlangoni. Nimejaribu.

1. Tukutane Ijumaa stesheni ya Gare de l'Est, Paris, saa 11 jioni. Safari ya treni inachukua kama muda wa saa moja na nusu.
2. Euro 95 kila mtu, kulala siku mbili pamoja na chai ya asubuhi. Nauli kila mtu ajikatie.
3. Lifti hakuna, na ngazi ni nyembamba za kuzunguka. Masanduku makubwa yaacheni nyumbani, tafadhali. Chumba cha chini ni cha Mama Salha, goti lake mnalijua.

Jumamosi tutapita Ruelle des Chats, kichochoro ambacho mapaa yake yamekaribiana hadi paka anaruka toka moja hadi jingine. Waliolelewa Mji Mkongwe hamtashangaa.

Jibuni hapa "nakuja" au "siji", na pesa zimfikie mweka hazina Jumatano kabla ya saa 2 usiku. Atakayekaa kimya, nafasi yake nampa mwingine.